Shuka Kituo cha Zollverein

(Hotuba kwenye mkusanyiko wa Waswahili wanaoishi eneo la Ruhr, Ujerumani. Imetolewa mjini Essen.)

Wazee wetu, shikamooni. Wenzangu, hamjambo. Ndugu zetu wa Bujumbura na Lubumbashi mliokaa kule nyuma karibu na sufuria, nimewaona, na nimeona pia kwamba mmejua kuchagua mahali. Vijana mnaonitazama kwa jicho moja huku jicho la pili liko kwenye simu, nanyi nawasalimu. Mmoja wenu nimemzaa mwenyewe, kwa hiyo najua ninalosema.

Nimeombwa nizungumzie matamasha na maonyesho ya eneo letu hili. Aliyeniomba alidhani mimi ni mtaalamu. Mimi ni mtu wa shifti ya usiku. Tangu mwaka 2006 nafunga vifurushi ghalani Gelsenkirchen, na nyumba yangu iko Katernberg, kwa hiyo kwenda na kurudi napanda tramu namba 107. Wengi wenu mnaijua. Ni ile inayotoka stesheni kuu ya Essen hadi Gelsenkirchen, na asubuhi imejaa watu wanaosinzia.

Dirisha la jikoni kwangu linatazama mnara wa chuma, rangi yake kama udongo wa kichuguu, urefu mita 55, juu una magurudumu makubwa na kifuani umeandikwa neno moja: ZOLLVEREIN. Miaka mitano nimekaanga vitunguu nikiutazama mnara ule bila kujiuliza ni wa nini. Nilidhani ni kiwanda kilichofungwa kikaachwa, kama mashine zetu zinavyoachwa mpaka zikaota majani.

Asubuhi moja ya Novemba 2011 tulikuwa tumeongezewa saa, nikatoka kazini saa tatu. Usingizi ukanichukua ndani ya tramu, nikapitiliza kituo changu. Nilipozinduka, milango iko wazi na baridi inaniingia shingoni. Nikaruka nje bila kusoma jina la kituo. Kuinua kichwa, mnara wa jikoni kwangu umenisimamia mbele. Watoto wa shule walikuwa wamepangwa wawili wawili wanaelekea ndani, mwalimu anawahesabu. Nikawafuata, na sare yangu ya ghalani, na mkoba wangu wa chakula ukinuka samaki.

Mkinisikiliza leo kwa jambo moja, nisikilizeni kwa hili: maonyesho ya eneo hili yamewekwa ndani ya mahali pa kazi. Kwingineko Ulaya mtu akisema makumbusho, unaona jumba la mfalme, unaona nguzo nyeupe, unaanza kujikung'uta vumbi kabla ya kuingia. Huku unaingia mlango uliokuwa wa watu wa shifti. Ndiyo maana nashangaa kwamba sisi, watu wa shifti, hatuingii.

Zollverein ulikuwa mgodi wa makaa ya mawe. Huo mnara wangu ni wa shimo namba 12, lililoanza kazi mwaka 1932, na waliolichora ni Fritz Schupp na Martin Kremmer. Shimo hilo moja liliweza kutoa tani 12,000 kwa siku. Mgodi ukafungwa tarehe 23 Desemba 1986. Angalieni tarehe hiyo. Siku mbili kabla ya Krismasi! Tanuri za kuchomea makaa ya kuyeyushia chuma zikaendelea kidogo, nazo zikazimwa mwaka 1993.

Baada ya hapo ingekuwa rahisi kuleta matingatinga. Serikali ya jimbo ikanunua mahali pale, majengo yakawekewa ulinzi wa kisheria, na kati ya mwaka 1989 na 1999 ukaendeshwa mpango mkubwa wa eneo zima, IBA Emscher Park, ulioshikilia wazo moja ambalo wengi waliliona wazimu: usivunje jengo, lipe kazi nyingine. Jengo la maboila likapewa makumbusho ya ubunifu wa bidhaa, akalitengeneza msanifu majengo Norman Foster. Jengo la kuoshea makaa likapewa historia ya eneo zima, nalo ndilo Ruhr Museum, lililofunguliwa mwaka 2010. UNESCO walikuwa wameshaliandika eneo hilo kwenye urithi wa dunia tangu 2001.

Sasa huko ndani. Unapanda ngazi ya umeme, urefu wake mita 58, mpaka umefika mita 24 juu ya ardhi, kisha maonyesho unayafuata ukiteremka. Mimi nilidhani wamekosea kupanga. Kumbe makaa ndivyo yalivyokuwa yakienda. Yalipandishwa juu kabisa yakiwa yamechanganyika na mawe, halafu yakawa yanashuka ghorofa kwa ghorofa, maji yanayatenga, mawe huku, makaa kule. Nawe unashuka vivyo hivyo: ghorofa ya mita 17 ni mambo ya leo, ya mita 12 ni kumbukumbu, ya mita 6 ni historia. Kuta za ngazi za ndani zimetiwa taa ya rangi ya chungwa iliyoiva, utadhani unashuka ndani ya chuma kilichoyeyuka. Siku ile nilikuwa sijalala saa ishirini. Niliposhika ule ukuta kuona kama una moto, mtoto mmoja wa shule akanicheka.

Hatua chache kutoka hapo kuna jengo walilokuwa wakikogea wachimbaji. Vigae vyake bado viko ukutani. Wachimbaji walikuwa na desturi ya kusuguana migongo, kwa sababu vumbi la makaa mtu peke yake halimtoki mgongoni. Tangu 2002 jengo hilo ni nyumba ya wacheza dansi, inaitwa PACT Zollverein. Nilipoingia mara ya kwanza nikamkuta kijana anajinyoosha sakafuni kwa utaratibu, kama paka, pale pale walipokuwa wakimwagika maji meusi. Dansi yenyewe ya jioni ile sikuielewa, nasema kweli. Lakini ukumbi niliuelewa.

Na wenye watoto, sikieni. Likizo ya kiangazi kuna bwawa la kuogelea pale penye tanuri, na halina kiingilio. Wasanii wawili walilitengeneza mwaka 2001 kwa kuunganisha makontena mawili ya meli. Mimi mtu wa Mombasa, nimekulia nikiona makontena yakipita Barabara ya Magongo usiku na mchana, sijawahi kufikiria kwamba yanaweza kukatwa, kuunganishwa na kutiwa maji watoto wakaogelea. Kisha baridi ikija, pembeni ya tanuri hizo hizo kunakuwa na barafu ya kuteleza, urefu wake mita 150.

Lakini nikiulizwa wapi hasa ilianzia tabia hii ya kuweka sanaa na makaa kwenye chungu kimoja, sitasema Zollverein. Nitawapeleka Recklinghausen, na nitakaa huko kidogo, maana hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote.

Ni msimu wa baridi wa 1946 kuingia 1947. Vita vimekwisha, Ujerumani ni magofu, na baridi ya mwaka ule bado wazee wanaisimulia. Kule Hamburg majumba ya tamthilia hayana kitu cha kuwashia moto. Mitambo ya jukwaani haisogei, waigizaji wanatetemeka, watazamaji wamejifunika mablanketi. Makaa yapo, lakini yapo Ruhr, na Ruhr iko chini ya Waingereza, wao ndio wanaogawa. Basi watu wa tamthilia wakapanda malori mawili wakashika njia kuja huku kutafuta. Kwenye mgodi wa König Ludwig, Recklinghausen, wakasimama. Wakaeleza shida yao.

Na wachimbaji wakawapakilia. Kwa siri, bila idhini ya wakubwa. Watu ambao wao wenyewe walikuwa na njaa, nyumba zao zimepigwa mabomu, waliwajazia malori wageni ili mtu aweze kusimama jukwaani mji wa mbali asife kwa baridi. Kwa nini? Nimesoma maelezo kadhaa, yote mazuri. Mimi nadhani mtu anayefanya kazi gizani anaijua thamani ya taa.

Wale wa Hamburg hawakusahau deni. Kiangazi cha 1947 wakaja wasanii wapatao 150 kutoka majumba matatu ya Hamburg, wakawachezea wachimbaji wa Recklinghausen kwa shukrani. Usemi ukawa: sanaa kwa makaa, makaa kwa sanaa. Meya wa Hamburg, Max Brauer, akatoa wazo kwamba tamasha kubwa lisiwe la wasomi na wateule tu, liwe pia palipo na kazi ngumu. Hivyo ndivyo yalivyozaliwa Ruhrfestspiele, na mpaka leo yapo, kila mwaka. Wenye tamasha ni mji pamoja na shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Linafunguliwa tarehe 1 Mei, sikukuu yetu wafanyakazi, kwa sherehe kubwa ya wazi kwenye kilima cha bustani ya mji. Kuna ngoma, kuna soseji, kuna siasa, kuna watoto waliopotea na kuitwa kwa kipaza sauti. Ndani ya jumba tiketi inalipiwa. Kule nje kilimani ingia tu.

Haya, mengine nayapitia haraka, maana naona shemeji yangu kashaanza kutazama saa.

Kuanzia Agosti kuna Ruhrtriennale. Msidanganywe na jina, mkadhani ni mara moja kwa miaka mitatu. Ni kila mwaka. Kinachobadilika baada ya miaka mitatu ni mkurugenzi. Wa kwanza alikuwa Gerard Mortier, mwaka 2002. Opera na tamthilia zinachezwa ndani ya viwanda vilivyokufa, hasa Jahrhunderthalle pale Bochum, ukumbi uliojengwa kwa maonyesho ya viwanda ya Düsseldorf ya 1902 kisha ukafunguliwa bolti kwa bolti ukahamishiwa kiwandani. Tiketi nyingine ni ghali, na tamthilia nyingine zinamchosha hata Mjerumani mwenyewe. Nendeni walau mara moja mkauone ukumbi.

Juni kuna usiku wa ExtraSchicht, ulioanza 2001. Maana ya jina ni shifti ya ziada. Nilipolisikia nikasema, shifti ya ziada tena, na hii unailipia mwenyewe! Lakini tiketi moja inakufungulia viwanda na migodi ya miji mingi usiku huo, na mabasi na treni zimo humo humo. Kuna pia siku ya vibanda, tangu 2016. Vile vibanda vya pembeni, tunaponunua sigara, gazeti na peremende za mia mia, vilianza karne ya kumi na tisa vikiwauzia wafanyakazi maji ya kunywa, na siku hiyo vinawekewa muziki na wasomaji wa mashairi mlangoni. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa kibanda ni nini. Kibanda ndicho baraza.

Oberhausen kuna pipa la gesi, Gasometer, lilikamilika 1929, urefu mita 117.5. Siku hizi ni ukumbi wa maonyesho. Mwaka 1999 msanii Christo na mkewe Jeanne-Claude walijenga humo ukuta wa mapipa 13,000 ya mafuta. Huo sikuuona. Niliona cha 2013, Christo alipoingiza humo ndani mfuko mmoja wa kitambaa cheupe, urefu mita 90, ukajazwa hewa, watu wanaingia ndani ya mfuko. Mwanangu alikuwa na miaka minne. Alivua viatu bila kuambiwa, akalala chali katikati, akatazama juu. Hakusema neno robo saa nzima, na hilo kwake halijatokea kabla wala baada. Nilipomuuliza ameona nini akaniambia, "Hakuna kitu, Mama. Kikubwa sana."

Mwaka 2010 eneo hili lote lilikuwa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya. Essen ndiyo iliyotajwa, lakini iliingia kwa niaba ya eneo zima, miji na vitongoji 53 pamoja nayo, watu zaidi ya milioni tano. Jumapili ya tarehe 18 Julai waliifunga barabara kuu ya A40, karibu kilomita 60, wakapanga meza 20,000 kwenye upande mmoja na upande mwingine wakawaachia baiskeli. Inasemekana watu milioni tatu hivi walitoka. Watu walikula mkate na jibini juu ya lami wanayokaa foleni kila Jumatatu. Mimi wakati huo nilikuwa nimelala, pazia nimelifunga, nimetoka shifti. Watu milioni tatu wako nje, na mimi nawanung'unikia kwamba leo kuna kelele.

Siku sita baadaye, tarehe 24 Julai, Duisburg, kwenye tamasha la muziki la Love Parade, msongamano kwenye njia ya kuingilia uliua watu 21, wengi wao vijana. Pale penye handaki pana kumbukumbu yao. Siwezi kusimulia meza za A40 nikaacha hilo. Watoto wenu wakienda kwenye matamasha, waulizeni njia ya kutokea iko wapi kabla hamjawauliza watarudi saa ngapi.

Nije Essen mjini. Folkwang ni makumbusho ya sanaa yaliyoanzishwa mji wa Hagen mwaka 1902 na Karl Ernst Osthaus, yakahamia hapa 1922. Tangu 2015 mkusanyiko wake wa kudumu unautazama bila kulipa, kwa hiyo sababu ya pesa nimewanyang'anya. Mwaka 1937 Wanazi waliingia humo wakachukua kazi zaidi ya 1,400, wakaziita sanaa iliyooza. Baada ya vita makumbusho yakaanza kuzitafuta na kuzinunua tena moja moja, na zile zisizorudi ni nyingi. Ukijua hilo, unatembea humo kwa namna nyingine.

Sasa nifike mahali ambapo mimi mwenyewe nilisita kufika.

Nyinyi mliokulia Mombasa mnakumbuka ule mzinga wa nje ya Fort Jesus. Tulikuwa tukitoka madrasa tunaupanda, mmoja anakaa mbele, mmoja nyuma, tunapiga risasi za mdomo kuelekea baharini, mpaka askari atufukuze. Ule ni mzinga wa Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha kwenye delta ya Rufiji ikazama Julai 1915. Wajerumani waliitoa mizinga yake yote kumi, wakaifunga magurudumu, wakaiburura bara kupigana nayo. Na walioiburura mnawajua. Wapagazi. Babu zetu. Mmoja wa mizinga hiyo ukaishia kwetu, watoto wakaugeuza farasi.

Mizinga hiyo ilitengenezwa na Krupp, ukoo wenye kampuni ya chuma na silaha. Na Krupp ni wa hapa. Essen hii. Villa Hügel, ile nyumba yao ya 1873 yenye vyumba 269 juu ya mto Ruhr, iko wazi kwa wageni, na maonyesho yanafanyika humo tangu 1953. Nimekwenda. Bustani ni nzuri, sitasema uongo. Nilisimama kwenye ukumbi wa juu nikahisi joto la kile chuma kwenye mapaja yangu, nikiwa na miaka minane, jua la saa saba. Hakuna aliyeniandikia hilo kwenye kibao chochote cha maelezo. Ilinibidi niunganishe mwenyewe.

Kwa hiyo niliposikia kwamba Dortmund, kwenye mgodi wa makumbusho wa Zeche Zollern, wanatengeneza maonyesho juu ya ukoloni na Westfalia, jimbo la zamani ambalo Dortmund imo ndani yake, nilifunga safari. Wenye kukumbuka mwaka 2023 mnajua yaliyotokea. Walianza na karakana ya majaribio, wananchi wanakaribishwa kutoa mawazo, na Jumamosi kwa saa nne waliwaachia nafasi watu weusi na wenzao wa asili zisizo za kizungu, wazungumze bila kutazamwa. Agosti mtu akapiga video, akaitupa mitandaoni, moto ukawaka nchi nzima, eti wazungu wamefungiwa mlango. Matusi, vitisho, polisi wakawekwa kulinda makumbusho. Kwa saa nne za Jumamosi! Nilipoisoma habari ile nilitaka kucheka nikashindwa. Lakini hawakuzima taa. Mwaka 2024 maonyesho kamili yakafunguliwa, kwa jina Das ist kolonial, yaani huu ni ukoloni. Ndugu zangu wa Lushoto na wa Bukoba, wamisionari wa Betheli mnaowajua walitumwa kutoka Bielefeld, na Bielefeld ni Westfalia hiyo hiyo. Hii habari ina nyumba pande zote mbili.

Kabla ya kuingia huko nilipita chumba cha kubadilishia nguo. Wachimbaji hawakuwa na makabati. Kila mmoja alikuwa na ndoana na mnyororo: unatundika nguo zako, unavuta, zinapanda hadi darini, unafunga mnyororo kwa kufuli lako. Nguo za mia ya watu zinaning'inia juu kama popo. Kando yangu alisimama mzee, mgeni kama mimi, amekuja na mjukuu. Alikuwa mchimbaji, mzaliwa wa Uturuki, alikuja kijana. Akamwonyesha mjukuu jinsi ya kuvuta mnyororo usikate kiganja. Akanigeukia, akaniambia ule msemo wao, kwamba chini kule hapakuwa na Mjerumani wala Mturuki wala Mpolandi, wote walikuwa weusi.

Nikamwambia, "Mzee, tofauti ni kwamba nyinyi mlikuwa mkikoga inatoka."

Akanyamaza. Nikaona nimemkosea. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta, akamtafsiria mjukuu, mjukuu hakucheka, akanitazama. Tukaingia maonyesho ya ukoloni sote watatu. Yule mzee alisoma vibao vyote, kimoja kimoja, miwani mkononi. Mimi nilichoka kabla yake. Wakati wa kuagana akanipa salamu ya mgodini, Glück auf, ile ya kuombeana heri na kurudi juu salama.

Watu kama yeye ndio waliofunga mlango wa mwisho. Tarehe 21 Desemba 2018, mgodi wa Prosper-Haniel, Bottrop, ulitoa kipande cha mwisho cha makaa ya mawe ya Ujerumani, wachimbaji wakamkabidhi Rais Frank-Walter Steinmeier mkononi. Nilitazama kwenye televisheni. Wanaume wenye nyuso nyeusi wanalia hadharani. Tarehe 1 Novemba 2023 nikamwona Steinmeier huyo huyo kwenye televisheni hiyo hiyo, yuko Songea, kwenye makumbusho ya Majimaji, anaomba msamaha kwa waliyofanya Wajerumani, mbele ya wajukuu wa Nkosi Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906. Sitaki kulinganisha mambo mawili haya, si ya uzito mmoja. Lakini ni mkono mmoja ulioyashika, na anayeishi Ruhr huku akiongea Kiswahili anahusika na yote mawili.

Kwenye maonyesho ya eneo hili Wapolandi wamo, Waturuki wamo, Wakorea waliokuja migodini tangu 1963 wamo. Sisi bado tumo kidogo sana. Na hatutakuwemo kwa kukaa Katernberg tukikaanga vitunguu. Makumbusho hupokea vitu. Kila mmoja wenu ana sare ya kazi ya kwanza, ana kadi ya simu ya kupigia nyumbani ya mwaka fulani, ana barua ya ofisi ya wageni aliyoilowesha kwa machozi. Msitupe. Andikeni nyuma yake ni ya nani na ya lini. Mimi nimeshaweka sare yangu ya Novemba 2011 kwenye mfuko, ingawa haijaacha kunuka samaki.

Jumamosi ijayo nawangoja. Saa nne asubuhi, kituo cha Zollverein, tramu 107. Nitakuwa chini ya mnara, na chupa mbili za chai ya tangawizi. Kuzunguka uwanja mzima hakulipiwi. Ndani ya makumbusho kuna tiketi, na asiyekuwa nayo aniambie pembeni, si mbele za watu. Vaeni viatu vya kutembelea, mawe ya njia yamekaa vibaya. Anayetoka shifti asubuhi hiyo aje hivyo hivyo na sare yake, na akisinzia njiani mwenye kukaa naye amgutue, kituo ni kile kinachofuata baada ya Katernberg kwa anayetokea Gelsenkirchen.

Ahsanteni. Naona kifuniko cha sufuria kimeshainuliwa kule nyuma, na Bujumbura wameshashika sahani.